Pau 1 yenye nguvu na slemu: nani aulize, nani ajibu?

Swali

Wapenzi wa briji, naomba maoni yenu kuhusu mkono uliotugharimu mechi ya timu. Mimi na mwenzangu tunacheza Precision, mfumo wa kutangaza ambao kufungua mnada kwa pau 1 humaanisha pointi 16 au zaidi (ree 4, basha 3, bibi 2, ghulamu 1) bila kujali umbo la mkono, na jibu la shupaza 1 huonyesha shupaza tano au zaidi pamoja na pointi 8 au zaidi, kwa hiyo hatuwezi kusimama kabla ya gemu, yaani mkataba wenye zawadi kama shupaza 4.

Nilikuwa na basha, bibi, 8 na 4 za shupaza. Ree, basha, bibi, 7 na 3 za kopa. 9 na 4 za uru. Ree na 6 za pau. Nilifungua pau 1, mwenzangu akajibu shupaza 1, nami nikaruka papo hapo hadi bila turufu 4, swali liitwalo Blackwood, kuuliza ana ree ngapi. Alipojibu kuwa anayo moja, nikahesabu kwamba tumekosa ree moja tu, nikatangaza shupaza 6, yaani slemu ndogo inayodai mizunguko 12 kati ya 13. Mpinzani aliyeanza aliweka ree ya uru mezani, akafuatisha basha ya uru, na mkataba ukawa umekwisha kuvunjika. Mwenzangu alikuwa na ree, ghulamu, 9, 6 na 5 za shupaza. Ghulamu na 4 za kopa. Bibi, 7 na 5 za uru. Basha, bibi na 3 za pau. Je, kwa pointi 31 kati yetu, kweli nilipaswa kuridhika na shupaza 4?

Jibu la kwanza

Ndugu yangu, ndiyo, mkono huu unaishia shupaza 4 na mnakula mizunguko 11, lakini ni lazima mfike hapo kwa kujua sababu. Kuifikiria slemu kulikuwa sawa kabisa. Tatizo ni kwamba ulikuwa na karata mbili ndogo za uru, na Blackwood hukuambia idadi ya ree bila kukuambia ziko wapi. Kabla hujauliza, jiulize utafanya nini kwa kila jibu linalowezekana. Mwenye karata mbili ndogo za aina ambayo mwenzi hajasema lolote juu yake hana namna ya kulitumia jibu la "ree moja".

Baada ya shupaza 1, tangaza shupaza 2 tu. Hapo ndipo raha ya pau yenye nguvu ilipo: katika mifumo ya kawaida ungelazimika kuruka juu ili kuonyesha nguvu zako, ilhali hapa nguvu zimekwisha kusemwa na turufu imekubaliwa mkiwa bado chini kabisa. Kuanzia hapo kila mmoja ataje udhibiti wake kwa mpangilio kutoka chini, yaani ree, basha, karata moja tu au kutokuwa na karata kabisa. Mwenzako angesema pau 3. Wewe ungesema kopa 3, na kwa kuiruka uru 3 ungekuwa umemwambia waziwazi kwamba uru huna. Yeye naye akiwa na bibi peke yake kwenye uru angerudi shupaza 3, nawe ungefunga kwa shupaza 4.

Jibu la pili

Nakubaliana na mwenzangu hapo juu, ila naomba niongeze jambo ambalo wachezaji wengi wa pau yenye nguvu hulisahau. Tumezoea kwamba mwenye pau 1 ndiye nahodha wa mnada, yaani anayeuliza na kuamua, kwa sababu ana pointi nyingi. Hebu badilisha karata za mwenzi kidogo tu: ree, ghulamu, 9, 6 na 5 za shupaza, ghulamu, 4 na 2 za kopa, 5 pekee ya uru, basha, bibi, 8 na 3 za pau. Sasa ana pointi 11, mbili pungufu ya zile za awali, na shupaza 6 inakaa vizuri kwa kupoteza uru mara moja tu. Baada ya pau 3 na kopa 3 angetangaza uru 4, nawe ungeuliza ree ukiwa huna wasiwasi.

Mpe hatua moja zaidi: uru asiwe nayo kabisa, na pau ziwe tano, basha, bibi, 8, 3 na 2. Sasa shupaza 7, yaani slemu kuu ya mizunguko yote 13, ni mkataba mzuri sana, kwa kuwa pau zake mbili ndogo zinatupwa juu ya kopa zako ndefu. Lakini ukiuliza wewe, utasikia "ree moja" ileile na utasimama kwenye 6. Hapa anayepaswa kuuliza ni yeye, kwa sababu yeye ndiye anayejua kwamba ree ya uru haina kazi. Akiruka hadi uru 5, swali linakuwa: "una ngapi nje ya uru?" Wewe una ree mbili na basha ya turufu, naye anatangaza 7 bila kubahatisha.

Jibu la tatu

Kuhusu hesabu: katika mechi za timu slemu ndogo inalipa ikiwa na nafasi ya asilimia 50 hivi, lakini slemu kuu inataka kama 57 mkiwa hatarini (zamu ambayo zawadi na adhabu huwa kubwa zaidi), kwa sababu ikivunjika mnapoteza pia zawadi ya slemu ndogo. Slemu kuu aliyoieleza mwenzetu inavuka kiwango hicho kwa mbali. Kopa tano zilizobaki hugawanyika 3 kwa 2 mara 68 katika 100, na hata zikigawanyika vibaya bado kuna njia nyingine.

Muulizaji

Nawashukuru sana, mwenzangu amesoma pia na tumekubaliana kuacha kuruka. Swali moja limebaki: wapinzani wakiingilia pau 1 yangu kwa uru 3, ngazi zote hizo si zimekwisha?

Jibu la kwanza

Nyingi zimekwisha, ndiyo, na ndiyo maana huingilia. Mwenzi akitangaza shupaza 3, tumia uru 4, aina ya wapinzani wenyewe, kumwambia kwamba shupaza umeikubali na slemu unaitamani, bila kuahidi udhibiti wowote wa uru. Asipokuwa na udhibiti huo arudi shupaza 4, nawe upige pasi.