YAH: Vipindi vya watoto vya Kiswahili, na TV ya kumpelekea bibi Ujiji

Kutoka: Mama Pacha, Columbus

Ndugu zangu wa Kigoma, habari za huko mliko.

Nina mambo mawili, yote ya TV. La kwanza ni pacha wangu. Wametimiza miaka mitano na Kiswahili kinawatoka huku nakiona. Nikiwaita wanaelewa, lakini majibu yote ni Kiingereza. Mwezi uliopita mwalimu wao mmoja akanishauri nipunguze Kiswahili nyumbani wasije wakachanganyikiwa. Nilifika nyumbani nikakaa kwenye gari nikalia kabla ya kushuka. Mama yangu yuko Ujiji na Kiingereza hajui. Hawa wakisahau lugha, bibi yao wataongea naye nini?

Nasikia katuni za Ubongo za kutoka Dar zinapatikana mtandaoni. Aliyezitumia na wanawe aniambie ukweli: mtoto anapata lugha, au anapata kuimba tu?

La pili, nataka kumtumia mama TV ili wajukuu watatu anaoishi nao pale waangalie pia. Huku bei ni nzuri. Nipakie kwenye kontena?

Kutoka: Mjomba wa Mwanga, Leeds

Dada, kabla ya kontena, igeuze hiyo TV usome kibandiko cha nyuma. Ikiwa imeandikwa 100–240V, 50/60Hz, umeme wa nyumbani itauweza. Ikiwa imeandikwa 120V peke yake, iache dukani. Kwetu umeme ni 230V. Mimi nilinunua ya namna hiyo nilipokuwa naishi Marekani, sikusoma kitu, nikaituma. Mama akaichomeka mbele ya majirani waliokuja kuishuhudia, moshi ukatoka nyuma, kwisha. Iliniuma sana, maana alikuwa ameshawatangazia mtaa mzima.

Hata ikiwaka kuna jambo la pili. TV za Marekani zinapokea matangazo ya antena kwa mfumo unaoitwa ATSC, na Tanzania inatumia DVB-T2. Kwa hiyo antena ya pale bila king'amuzi haitakuonyesha kitu. King'amuzi chenyewe unakiunganisha kwa waya wa HDMI, hapo TV nyingi zenye tundu la HDMI zinakubali.

Ushauri wangu ni utume hela, kaka yako anunue Mwanga, pale pale Kigoma mjini, ijaribiwe dukani mbele yake, apewe risiti na garantii. Aongeze na stabilaiza. Umeme ukikatika si tatizo kubwa, kasheshe ni pale unaporudi kwa kishindo. Kama mnafikiria sola, atafute TV ndogo ya 12V. Ya inchi 24 kwa kawaida inakula wati 20 hadi 30, betri ya kawaida inaisukuma jioni nzima.

Kutoka: Mwalimu mstaafu, Ujiji

Wanangu, hamjambo huko. Nimefundisha darasa la awali na la kwanza miaka mingi, na swali la Mama Pacha limenikaa moyoni tangu jana, basi mniruhusu niandike kwa kirefu.

Kwanza hilo la kuchanganyikiwa. Watoto wangu wengi walikuja shule wakiongea Kiha, Kiswahili walikuwa wanakisikia sokoni na kwa jirani. Walijifunza kuhesabu kwa Kiswahili na Kiha chao hawakukitupa. Wakifika sekondari wanaongeza Kiingereza. Leo wamo humu humu kwenye orodha hii, mnaandika lugha tatu. Mwanangu, Kiswahili usikipunguze hata kidogo.

Sasa katuni. Ubongo Kids ilianza TBC1 Januari 2014, ikilenga zaidi hesabu na sayansi kwa watoto wa shule ya msingi. Mwanzoni mtoto aliweza hata kujibu maswali kwa ujumbe wa simu ya kitochi, jambo ambalo mimi nililipenda kupita kiasi kwa sababu simu hiyo ndiyo iliyokuwepo majumbani. Kwa pacha wako anza na Akili and Me. Akili ni binti wa miaka minne, anaishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro, na akilala anaingia nchi ya ndoto yenye marafiki wanyama. Humo ndani kuna namba, herufi, maumbo, kuchora. Zipo za Kiswahili na za Kiingereza, kwa hiyo angalia usibonyeze ya Kiingereza, kazi yote itakuwa bure.

Na zinafundisha? Profesa Dina Borzekowski wa Chuo Kikuu cha Maryland alizipima Morogoro kwa watoto zaidi ya 500, matokeo yakachapishwa 2018. Walioonyeshwa Akili and Me waliwapita wenzao walioonyeshwa vipindi vingine katika kutambua namba, kuhesabu, maumbo na kuchora. Kwa hiyo si kuimba tu.

Lakini nikwambie nilichokiona kwa macho yangu. Mwaka 2020 shule zilipofungwa Machi hadi mwishoni mwa Juni, watoto wa mtaani kwangu walijazana kwa jirani mwenye TV, wengine wakiwa wamening'inia dirishani. Jioni nikawaita barazani. Nikasema, hesabuni. Wakaimba moja hadi ishirini bila kukosea! Nikamwaga kokwa za chikichi chini, nikamwambia mmoja anipe saba. Akachota konzi nzima akanipa. Wimbo alikuwa nao, saba hakuwa nayo. Tangu siku hiyo kila baada ya kipindi tulikaa na kokwa zetu, na baada ya wiki mbili ungemwomba kumi na tatu akakuhesabia kumi na tatu.

Kwa hiyo kaa nao. Kipindi kikifika pahala mhusika anauliza swali, simamisha, waache wajibu wao. Usiwaulize "mmejifunza nini," mtoto hana jibu la swali hilo. Mwambie akuletee vijiko vitatu.

Tena kuna kitu TV haitakupa, nacho ni ngeli. Mtoto atasikia moja, mbili, tatu, kisha kila kitu atakiita mbili: mtoto mbili, embe mbili. Hiyo ni kazi ya bibi yake. Mpe.

Kutoka: Dada muuguzi, Oslo

Shikamoo mwalimu. Nyongeza fupi tu: Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo 2019 kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini, na wa chini ya mwaka asiwekwe kabisa. Kwa hao wajukuu wadogo walio kwa bibi, kipindi kimoja au viwili vinatosha, kisha TV izimwe ili wasihamie kwenye tamthilia za wakubwa. Nyumbani kwetu Kasulu TV haizimwi tangu asubuhi, na nikipiga simu namsikia mtoto wa miaka mitatu akirudia maneno ya ugomvi wa mke na mume.

Kutoka: Mama Pacha, Columbus

Shikamoo mwalimu, na asanteni wote. Nimekawia kujibu kwa sababu nilitaka kujaribu kwanza.

TV imenunuliwa Mwanga, pamoja na stabilaiza. Jumamosi tatu sasa tunafanya hivi: saa tatu asubuhi ya hapa, ambayo Ujiji ni saa kumi jioni, pacha wanaangalia kipindi kimoja cha Akili nami nimekaa katikati yao, na binamu zao wanaangalia hicho hicho kwa bibi. Kikiisha tunapiga simu ya video.

Jumamosi ya kwanza walitazamana tu. Ya pili mama akatoka na simu hadi uani, akaielekeza kwenye michikichi, akauliza, "Mingapi hiyo?" Kulwa akasema, "Mti tatu." Mama akasema taratibu, "Miti mitatu." Kisha akarudi ndani akashika vikombe. "Na hivi?" Doto akafikiri, akasema, "Vikombe... vitatu?" Binamu zake wakapiga kelele za shangwe mpaka simu ikadondoka. Juzi mama alikuwa na maembe kwenye ungo tayari kabla sijapiga, na Kulwa alimwambia mwenyewe kwamba ni mawili, halafu akamuuliza bibi kwa nini analima moja akiwa bado anaongea na simu. Akamaanisha analila. Sikumsahihisha, bibi alishaanza.

Tatizo lililobaki ni bando la mama, video inalimaliza haraka. Nimeshusha vipindi kadhaa vya Kiswahili kwenye flashi, kwa kuwa TV yao ina tundu lake. Kuna mtu wa huku au wa Indianapolis anakwenda Kigoma Desemba, anibebee? Ni ndogo, inaingia mfuko wa shati. Kaka yangu ataipokea stesheni au uwanja wa ndege, popote mtakapofikia.