Kizunguzungu cha ghafla, CT imetoka safi, sasa naambiwa MRI. Mnishauri

fundi_mageti
Salaam wakubwa kwa wadogo. Mimi ni fundi wa weldingi hapa Busia upande wa Uganda, mageti madirisha vitanda vya chuma, nina miaka 43. Jumanne ya wiki iliopita niliamka saa kumi na moja alfajiri niende kuswali, kuweka tu mguu chini nyumba yote ikazunguka, nikaangukia kushoto juu ya ndoo ya maji, nikatapika mpaka nyongo. Mke wangu akasema malaria hiyo. Tukaenda kliniki, malaria hamna, ila presha wakakuta 178 kwa 104, na mimi sijawahi jua kama nina presha. Wakanilaza siku mbili na dripu.

Sasa leo ni siku ya sita na kutembea bado ni shida, nikinyanyuka navutwa kushoto kama baiskeli iliopinda rimu, lazima nishike ukuta. Jirani kamuuliza mke wangu eti siku hizi mzee kaanza waragi?? Na mimi tangu nizaliwe sijaonja hicho kitu.

Hospitali ya pili wamepiga CT ya kichwa, jibu hakuna damu hakuna uvimbe. Nikashukuru Mungu. Daktari huyohuyo anasema bado niende Kampala nipige MRI, na bei nilioulizia ni karibu laki saba. Sasa kama CT imesema safi hiyo nyingine ni ya nini, au ndo kutafutiana pesa? Halafu lile tundu lenyewe naliogopa, kuna siku nilikwama ndani ya tanki la maji nikilichomelea, toka hapo mahali pa kubana sipataki kabisa.

Mama Zaituni
Pole sana mwanangu. Mimi si daktari ila kazi yako imekua na watu wana macho. Tafuta shehe akusomee, huku unaendelea na hospitali. Usiache hospitali lakini.

boda_kasese
Kaka hiyo kitu ilinipata mwaka juzi hapa Kasese, nikigeuka kitandani tu dunia inazunguka. Kumbe ni vile vijiwe vidogo vya ndani ya sikio vimetoka mahali pake. Daktari alinilaza haraka kichwa kikaning'inia nje ya kitanda, akaangalia macho yangu yanavyochezacheza, akanigeuza kichwa upande huu, akasubiri, akanigeuza mwili mzima, akaniketisha. Dakika chache tu. Nilitoka pale nikaendesha pikipiki yangu. Usipoteze laki saba ssebo, mwambie akugeuze kichwa.

dereva_elegu
Naunga mkono. Hawa watu ukiingia na kikohozi wanataka kukupiga picha mpaka kucha.

nesi_bombo
Boda nafurahi ulipona ila taratibu, ugonjwa wako na wake ni viwili tofauti na mkimshauri vibaya mtamuua mtu hapa.

Vya vijiwe vinakuja ukigeuza kichwa, vinazunguka kwa sekunde, mara nyingi haifiki hata dakika, ukitulia vinaisha. Fundi anasema siku ya sita bado anavutwa upande mmoja. Fundi nijibu haya: ukikaa kimya bila kusogeza kichwa bado unajisikia unazunguka? Uliona vitu viwiliviwili? Ulimi mzito? Ukinywa maji yanakupalia? Mkono wa kushoto ukijaribu kugusa pua unakosea? Sikio linavuma au umeacha kusikia? Na kuna mtu alikuchoma sindano za jenta (gentamicin, ile antibayotiki) hivi karibuni kabla ya kuanza? Hiyo dawa inaweza kuharibu kabisa sehemu ya sikio inayoshika mizani ya mwili, nimeiona kwa macho yangu.

fundi_mageti
Dada nesi asante. Siku tatu za mwanzo hata nikilala kimya ilikua inazunguka, sasa kimya niko sawa ila kutembea ndo hamna. Viwiliviwili niliona siku ya kwanza tu nikadhani ni kichefuchefu. Sikio liko sawa. Sindano ya jenta hapana. Mkono wa kushoto... nimejaribu hapa mbele ya mke wangu, naenda kando ya pua kidogo, amecheka halafu akanyamaza.

nesi_bombo
Basi hiyo MRI daktari wako hajaitunga. CT ni eksirei inayozunguka kichwa, ni ya haraka, kwa damu iliyovuja ni nzuri sana. Ila ubongo mdogo ule wa kisogoni umezungukwa na mifupa minene, picha ya pale inatoka na michirizi, na kama mshipa umeziba, siku za mwanzo CT inaweza kutoka safi kabisa na mtu ana kiharusi. MRI haitumii eksirei, inatumia sumaku, na pale kisogoni inaona vizuri zaidi. Unajua watu wetu wakisikia kiharusi wanangoja mdomo upinde na mkono ulegee. Cha nyuma hakina adabu hiyo, kinaweza kuja na kizunguzungu na kutembea kama mlevi tu, kwa hiyo watu wanapewa dawa za malaria wanarudishwa nyumbani.

Sisemi ndo unacho, inaweza kuwa ni mshipa wa fahamu wa sikio umevimba, huo pia unachukua siku. Ila presha hiyo, viwiliviwili, na mkono unaokosa pua, mimi ningeuza hata mbuzi. Na ukisikia kichwa kinauma sana, au usingizi usioeleweka, au kutapika kumerudi, usingoje Kampala wala majibu ya humu, nenda emajensi usiku huohuo.

dereva_elegu
Haya nesi nimefuta kauli. Fundi, mimi napita Busia Alhamisi naenda Kampala, kiti cha mbele kipo.

mpiga_picha_mbarara
Nafanya kazi ya picha, hapa wote mmepita kitu kikubwa. Fundi, wewe ni wa weldingi na grainda. Kuna siku kipande cha chuma kilikuingia jichoni? Hata zamani, hata kama kilitolewa?

fundi_mageti
Hehe kaka, ni fundi gani hajaingiwa. Miwani tunavaa mteja akija. Cha mwisho kiliingia jicho la kulia mwaka jana, kijana wangu alikitoa na ncha ya kadi ya simu, kikabaki kama kimekwaruza wiki nzima halafu kikaacha. Kwani kinahusiana nini na kisogo?

mpiga_picha_mbarara
Kinahusiana sana, na ncha ya kadi ya simu banange!! Mashine ya MRI ni sumaku kubwa na haizimwi, mchana na usiku inavuta. Kipande cha chuma kilichobaki ndani ya jicho kinaweza kusogea mle ndani na kukutoa uoni. Kwa hiyo kwenye ile fomu watakayokupa kabla, ukiona swali la chuma jichoni usiweke hapana ili uwahi foleni. Waambie mdomoni mimi ni fundi wa weldingi. Watakupiga eksirei ya macho kwanza. Na hiyo CT ulofanya ibebe, filamu na CD yake, kama walipiga mpaka usawa wa macho chuma kitaonekana cheupe kama nyota, unaweza usilipe hata hiyo eksirei.

Kuhusu tundu: liko wazi mbele na nyuma, lina taa na feni. Kichwa watakiweka ndani ya kitu kama kizimba cha plastiki, funga macho kabla hawajakuingiza na usiyafungue. Kelele ni nyingi, kama mtu anagonga bati na nyundo (wewe hapo uko nyumbani), watakuziba masikio na watakupa kimpira mkononi, ukizidiwa bonyeza wanakutoa. Ni kama nusu saa. Ukitikisika wanarudia, kwa hiyo kichefuchefu uwaambie mapema wakupe dawa. Simu, funguo, mkanda, kadi ya benki, vyote nje. Hirizi pia, samahani Mama Zaituni, kuna zilizoshonwa na waya ndani.

Mama Zaituni
Mimi nilisema kisomo, hirizi nani kataja? 😂 Asante mwanangu, hiyo ya jicho sikujua.

boda_kasese
Fundi nisamehe na ushauri wangu wa kugeuza kichwa.

fundi_mageti
Hamna shida kaka ulisema ulichopitia.

Narudi na majibu, siku kumi baadae. Dereva alinipeleka kweli, Mungu ambariki, tumesimama mara mbili msitu wa Mabira mimi natapika watu wa nyama choma wananipa pole. Ile CD ya CT waliifungua kwenye kompyuta, yule kijana akanyamaza, akaniita niangalie: nyota ndogo jicho la kulia. Hawakuniingiza. Wakanipeleka kwa daktari wa macho, akapindua kope, kilikua kimejificha ndani ya kope la juu, kipande kidogo kuliko chembe ya sukari, hakikuingia ndani ya jicho alhamdulillahi. Akakitoa na ncha ya sindano. Wakapiga tena eksirei kuhakikisha, ndo kesho yake nikaingia kwa sumaku. Nilifumba macho nikasoma Yasini tangu mwanzo hadi kelele zikaisha, kimpira sikubonyeza.

Jibu: ubongo mdogo upande wa kushoto kuna sehemu ilikosa damu, mshipa uliziba. Kiharusi, dada nesi ulikua sawa. Nimeanza asprini na dawa ya presha na ya kushusha mafuta kwenye damu, moyo pia wamepima umeme wake wakasema unapiga sawa. Mazoezi nimepewa, natembea kando ya ukuta kisigino mbele ya kidole, na kuangalia kidole gumba huku nageuza kichwa. Inachosha kuliko kubeba mabomba. Ila jana nimefika msikitini bila kushikwa.

nesi_bombo
Alhamdulillah. Dawa ya presha haiachwi hata ikishuka, umesikia? Na ngazi?

fundi_mageti
Nimesikia. Ngazi hapana, grainda hapana, mpaka daktari aniangalie tena mwezi ujao. Geti la yule mzee wa Tororo kijana wangu kalimalizia peke yake, bawaba kaziweka kinyume, linafungukia ukutani. Leo nimemkalia na kiti anazikata upya, na miwani kavaa.