Ashwagandha na uchovu wa mazoezi ya marathoni: kuna aliyetumia?

Mwalimu_Ngaramtoni

Habari zenu wanambio. Nafundisha sekondari hapa Arusha, na najiandaa na Kilimanjaro Marathoni, ile ya kilomita 42. Nusu nimeshaizoea, kamili ndiyo mara ya kwanza. Kwa wiki nafika kilomita 80 hivi: Jumanne spidi uwanjani, Alhamisi vilima, Jumapili mbio ndefu, siku nyingine jogi. Saa kumi na moja alfajiri niko barabarani, saa moja na nusu niko paredi na wanafunzi.

Sasa mwili umegoma. Mapigo ya moyo asubuhi, kabla sijanyanyuka kitandani, yalikuwa 52. Siku hizi ni 61, 62, na hayashuki. Nalala saa tatu, ikifika saa tisa usiku macho makavu. Kipande cha Ngaramtoni hadi Sakina nilikuwa nakikimbia huku napiga stori na wenzangu, leo nahema tu na kuwaacha watangulie. Darasani nakasirikia vitu ambavyo zamani nisingeviona.

Mwenzangu wa klabu ameniletea chupa ya ashwagandha, ule mmea wa dawa wa India, kutoka Nairobi, vidonge vya miligramu 300. Anasema ni adaptojeni, yaani inausaidia mwili kustahimili msongo, inashusha kortisoli (homoni ya msongo), na yeye tangu aanze analala fofofo. Chupa iko mezani, sijaifungua. Kuna aliyetumia akiwa kwenye mazoezi mazito? Inasaidia kweli? Madhara yake je?

Peisa_wa_Iten

Mwalimu, salamu kutoka Iten. Kazi yangu ni kuvuta wengine kwenye mbio, kwa hivyo mwili ukichoka nakosa mkate. Ashwagandha nilimeza msimu uliopita, kidonge kimoja jioni baada ya chakula. Usingizi ulikuja, hiyo siwezi kukataa. Lakini wiki hizo hizo kocha alikuwa ametupunguzia kazi baada ya mbio, kwa hivyo siwezi kuapa ni kidonge kilichonilaza.

Hapa watu hutumia vitu vingi vya kienyeji. Kuna mukombero, ule mzizi wa kutafuna unaotoka upande wa Kakamega, wanasema unaongeza nguvu. Kuna tangawizi na asali. Hivyo hakuna anayevigombania. Vidonge vya chupa ndivyo vinatutisha. Tangu ADAK, shirika la Kenya la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, ianze 2016, kambi yetu ina sheria moja: hakuna kumeza kitu ambacho kocha hajasoma kibandiko chake. Ukipimwa, kilichopatikana kwa mkojo wako ni chako, hata kama mwenye kiwanda ndiye alikichanganya.

Swali moja: mchana unalala? Sisi tuko mita 2,400 juu, na baada ya chakula cha mchana kambi yote iko kimya. Jogi ya jioni ni ya polepole mpaka watoto wa shule wanatupita. Wewe unatoka mbio unaingia darasani kusimama siku nzima. Kilomita 80 zako ni nzito kuliko 80 zangu.

Bint_Mrima_Muscat

Mimi niko Muscat, nafanya baiskeli na kuogelea. Jirani zangu Wahindi ndio walionifundisha: unga wa ashwagandha kijiko kidogo ndani ya maziwa moto kabla ya kulala. Kwao ni dawa ya miaka na miaka. Nimetumia majira mawili ya mazoezi na nimeona utulivu, hasa joto la huku linapokatisha usingizi. Msiidharau kwa sababu tu inauzwa kwenye chupa. Mwalimu, jaribu, ukiona haikufai acha.

Mfamasia_Moshi

Dada Mwalimu, pole. Umefanya jambo kubwa kuandika mapigo yako ya asubuhi, maana wengi wanaokuja dirishani kwangu kuulizia ashwagandha Februari, mwezi wa Kilimanjaro Marathoni, ikikaribia hawana hata namba hiyo. Mimi ni mfamasia na ninakimbia, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu. Chupa naomba ibaki hivyo hivyo kwanza.

Neno adaptojeni lilianzia Urusi ya Kisovieti, 1947, kwa mwanasayansi Lazarev. Walikuwa wanatafuta kitu cha kumsaidia mtu mzima wa afya astahimili kazi ngumu, na baadaye wanariadha wao walipewa eleuthero, mmea uitwao pia jinsengi ya Siberia. Ashwagandha ilikuwa na historia yake India muda mrefu kabla ya hapo. Kwa hiyo dada wa Muscat yuko sahihi kwamba si uzushi wa jana.

Tafiti zipo. India, 2012, watu wazima 64 wenye msongo wa maisha waligawanywa, wengine wakapewa miligramu 300 mara mbili kwa siku kwa siku 60, wengine kidonge kitupu. Kortisoli ya waliopata ashwagandha ilishuka kwa takriban asilimia 28. Mwaka huo huo, waendesha baiskeli 40 wa India walijaribiwa kwa wiki 8 wakitumia miligramu 500 mara mbili kwa siku, na uwezo wa mwili kutumia oksijeni ulipanda kwa waliopewa mmea. Rodiola, mmea mwingine wa aina hii, wa nchi za baridi, ilijaribiwa Ubelgiji: miligramu 200 saa moja kabla ya baiskeli, muda wa kufika kuchoka kabisa ukatoka dakika 16.8 hadi 17.2. Walipoimeza kwa wiki 4 mfululizo, hakuna kilichobadilika.

Mimi nazisoma hivi. Mmea una kitu, hasa kwa usingizi na wasiwasi. Lakini makundi ni madogo, muda ni mfupi, na wale 64 hawakuwa wakimbiaji wa kilomita 80 kwa wiki. Kortisoli yenyewe si adui. Ukipanda kilima, lazima ipande ili sukari na mafuta vitoke kwenye akiba vikufikie miguuni, kisha ishuke ukipumzika. Ikikataa kushuka, kuna kinachoishikilia juu, na hicho ndicho cha kutafuta.

Sasa madhara, na hapa sitapunguza maneno. Kuna taarifa za watu walioumia ini baada ya kutumia ashwagandha, wakaanza na macho ya njano na mwili kuwasha. Denmark waliipiga marufuku kwenye virutubisho 2023. Mjamzito haifai kabisa. Na inaweza kupandisha homoni za thairoidi, tezi ya shingoni. Dada, soma tena ulichoandika: mapigo juu, usingizi unakatika, hasira za karibu. Thairoidi iliyozidi kazi inaonekana hivyo hivyo. Mimba changa nayo hupandisha mapigo. Upungufu wa damu pia. Ukimeza kabla hujapima, unaweza kuongeza kuni penye moto na usijue.

Suala la kilichomo ndani ya chupa, kaka wa Iten ameligusa. Maabara ya Cologne, Ujerumani, ilipima virutubisho 634 vilivyonunuliwa nchi 13, vya kawaida tu, visivyodaiwa kuwa na homoni. Vilivyokutwa na homoni ambazo hazikuandikwa kwenye kibandiko vilikuwa 94, karibu asilimia 15. Ni utafiti wa miaka ya 2000 na 2001, ila sababu zake hazijaisha: mashine moja inasaga bidhaa ya leo na ya jana bila kusafishwa sawasawa, au muuzaji anataka mteja asikie nguvu haraka. Ashwagandha, rodiola na jinsengi hazimo kwenye orodha ya vitu vilivyokatazwa ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni. Lakini vidonge vya "nguvu" vya mchanganyiko vinaweza kubeba higenamini, kemikali inayotoka kwenye mimea na imo kwenye orodha hiyo. Mtu anayekimbilia zawadi asiguse kitu kisicho na alama ya kupimwa toleo kwa toleo, kama Informed Sport au NSF Certified for Sport.

Naomba unijibu manne. Unakula nini kabla na baada ya mbio za alfajiri? Uzito umebadilika? Siku zako zinakuja kama kawaida? Na kuna dawa yoyote unayotumia? La tatu ukiona si la hadharani, niandikie pembeni.

Mwalimu_Ngaramtoni

Asante sana mfamasia, najibu hapa hapa, huenda kuna dada mwingine anasoma.

Kabla ya kutoka nakunywa chai ya rangi tu. Saa nne shuleni andazi na chai. Mchana wali maharage ya shule. Usiku nimeacha ugali, nakula mboga na tunda, kwa sababu klabuni wanasema mwepesi ndiye anayepanda kilima cha Mweka kwenye njia ya mbio. Nilikuwa kilo 58, sasa 54. Siku zangu hazijaja tangu shule zifunguliwe, nikadhani ni mazoezi tu, wenzangu wawili wanasema na zao ziko hivyo na ni dalili ya kuwa fiti. Dawa situmii yoyote.

Mfamasia_Moshi

Hapana dada, si dalili ya ufiti, na waambie na hao wawili. Mwili ukikosa nishati ya kutosha baada ya kulipia mazoezi, unafunga vitu unavyoona vinaweza kusubiri, na hedhi ni ya kwanza kwenye foleni. Mifupa inafuata, ndipo mtu anapata ufa wa mfupa wa mguu katikati ya msimu bila kuanguka popote. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki imelitolea mwongozo jambo hili tangu 2014, na wanaume nao limewahusu.

Tupige hesabu. Kukimbia hula karibu kalori moja kwa kila kilo kwa kila kilomita. Kilo 54, kilomita 80 kwa wiki, ni kama kalori 620 kwa siku kwa mbio peke yake. Ukitoa mafuta, mwili wako una kama kilo 43, na kila kilo inataka kalori 45 hivi ili kila kitu kifanye kazi. Jumla ni kama 2,550 kwa siku. Ukishuka chini ya 1,900 uko kwenye hatari. Kwa ulichoandika, sidhani unafika 1,700, na ugali uliouacha ungeziba sehemu kubwa ya pengo: gramu 200 za unga mkavu zina kama kalori 700.

Hata mabingwa huteleza hapo. Utafiti uliochapishwa 2004 uliwafuata wakimbiaji 10 wa Kikalenjini wiki moja kabla ya mashindano. Chakula chao kilikuwa wanga zaidi ya robo tatu, ugali na sukari ya chai vikiongoza, na bado walikuwa wanatumia nishati zaidi ya waliyokuwa wanaingiza. Hao wana kambi, mpishi na usingizi wa mchana.

Wiki hii nenda kliniki. Kipimo cha mimba kwanza, usikiruke hata kama una uhakika. Kisha picha kamili ya damu, TSH kwa ajili ya thairoidi, na feritini, yaani kipimo cha akiba ya chuma. Damu inaweza kusoma vizuri wakati akiba ya chuma imekauka, ndiyo maana nasisitiza feritini. Kwa mwanamke anayekimbia, chini ya 30 ni kidogo. Usianze vidonge vya chuma kwa kubahatisha. Mwambie daktari wazi kwamba unakimbia na kwamba hedhi imekatika.

Chakula usisubiri majibu. Kabla ya kutoka, ndizi mbili au kikombe cha uji wa ulezi wenye sukari. Ukirudi, kabla hata ya kuoga, maziwa na kiazi kitamu au mkate na yai. Ugali urudi usiku, na dagaa au maharage, mchicha, na chungwa juu yake. Chai isogeze mbali na mlo kwa saa moja, maana huzuia chuma kufyonzwa.

Mazoezi: toa spidi na vilima kwa wiki mbili, bakiza jogi za kuongea, Jumapili ipunguze nusu. Endelea kuandika mapigo.

Bint_Mrima_Muscat

Kwa hilo la hedhi nanyamaza, mfamasia amesema kweli. Mwalimu, mimi nilikuwa nakula vizuri wakati natumia, na hedhi haikuwahi kukatika. Pima kwanza.

Peisa_wa_Iten

Na hao wa klabu wanaosema mwepesi ndiye anapanda, waulize wao wanakula nini usiku. Kambini kwetu mtu akiacha ugali, kocha anamuuliza kama ni mgonjwa.

Mwalimu_Ngaramtoni

Nimesoma yote, na wenzangu wawili nimewatumia. Kliniki nimepata nafasi Alhamisi. Swali la mwisho: nikikuta thairoidi iko sawa, mimba hamna, na usingizi bado haujarudi, hapo ashwagandha naweza? Na 42 niiache?

Mfamasia_Moshi

Ipe chakula na mapumziko wiki sita kwanza, kwa kawaida usingizi ndio unaotangulia kurudi. Ikishindikana na daktari akiridhia, basi bidhaa ya mmea mmoja tu, iliyopimwa toleo kwa toleo, miligramu 300 jioni, isizidi miezi mitatu, na ukiona mkojo wa rangi ya kola au macho ya njano unaacha siku hiyo hiyo na unakwenda hospitali. Hiyo ya Nairobi nipigie picha ya kibandiko chote, mbele na nyuma, nikuambie ina nini.

Kuhusu 42, nusu inakimbiwa siku hiyo hiyo na Mweka unaupanda vile vile. Hedhi isiporudi na feritini ikiwa chini, mimi ningekuandikisha nusu. Leta majibu ya Alhamisi kwanza.