Bendi mbili usiku mmoja: nisimame chini au nikae roshani?

GitaaSita: Wakuu, kuna shoo ya bendi mbili za indie pop (pop ya bendi zinazojitegemea, nje ya kampuni kubwa) kwenye ukumbi mdogo. Tiketi za kusimama bado zipo, za roshani zimebaki chache. Nichukue ipi? Nataka kulipia leo.

Msikivu: Mkuu, umetuachia fumbo. Ukumbi unabeba watu wangapi? Unaenda na nani? Unaifuata bendi ipi?

MamaBesi: Chini, tena mbele kabisa! Muziki huu kuutazama umekaa ni kuuonea.

KonaYaSpika: Mbele nilishasimama, nikajuta. Kwenye ukumbi mdogo drams na ampu za gitaa zinakupiga moja kwa moja kutoka jukwaani, ila sauti ya mwimbaji inatoka kwenye spika kubwa za pembeni, na wewe wa mbele katikati zinakupita. Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwa yule dada. Naona midomo inacheza, mshipa wa shingo umemtoka, neno hata moja silipati. Na nyimbo zenyewe ni za kunong'ona! Niliposogea nyuma hadi kwenye meza ya mitambo ya sauti, nikawa kama nimeingia ukumbi mwingine. Ulikuwa umebaki wimbo mmoja. Simama karibu na fundi mitambo, anapanga sauti kwa masikio yake pale alipo.

GitaaSita: Watu 200 hivi. Naenda na mdogo wangu wa miaka 15. Naipenda ile inayoanza.

Msikivu: La mdogo wako ndilo ungeanza nalo! Hakikisha umri huo unaruhusiwa. Na mnunulie vizibo vya masikio. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2022 unataka kumbi zisizidi wastani wa desibeli 100 kwa kila dakika 15.

MamaBesi: Vizibo vinaua muziki.

KonaYaSpika: Vya sponji, sawa, vinameza sauti nyembamba. Vyenye kichujio vinapunguza zote karibu sawasawa.

Kinanda: Bendi inayoanza mara nyingi hujaribu sauti kwenye mitambo mwisho kabla ya shoo, muda ukiwa umewabana. Nyimbo mbili za kwanza fundi bado anatafuta sauti. Wavumilie wafunguzi.

MamaBesi: Wafunguzi? Hizi ni bendi mbili sawa kwa sawa!

Kinanda: Basi angalia bango, majina yameandikwa kwa ukubwa mmoja?

GitaaSita: Ya kwanza imeandikwa ndogo kidogo. Roshani zimebaki mbili, na mdogo wangu anasema lazima mbele.