Mnara wa simu Ngamiani: hoja ya "mawimbi yanakinga seli" ina uzito gani?

Mleta mada: Wagosi, salaam. Jirani yetu wa Barabara ya 12 anataka kukodisha paa lake kwa mnara wa simu. Kikaoni tukaambiwa tusihofu, eti imethibitishwa kwamba mawimbi yanazizoesha seli kujikinga. Utafiti kweli upo, wa 2009. Chembe nyeupe za damu ya watu 5 zilipigwa mawimbi ya MHz 900 kwa saa 20, kisha zikatiwa mitomaisini C, dawa ya saratani inayoharibu DNA. Za watu 4 zilidhurika kidogo kuliko zilizotiwa dawa bila mawimbi. Za wa tano hazikuonyesha kinga yoyote. Sasa hapa mtaani nani anatutilia mitomaisini? Nasema hoja hiyo isitumike kutulainisha.

Mwanafunzi wa maabara: Kaka, usiidharau. Tangu 1984 mtafiti Olivieri na wenzake walionyesha kuwa seli zikionjeshwa mionzi kidogo, eksirei kali ikija baadaye haziumii sana.

Mleta mada: Ile ya 1984 ni mionzi inayong'oa elektroni kwenye atomu, mdogo wangu. Mawimbi ya simu hayana ubavu huo. Halafu tazama kipimo: maabara walifika wati 10 za nishati ya mawimbi kwa kila kilo ya mwili, mara 5 ya kikomo cha kichwa kwa raia kinachopendekezwa na ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mawimbi ya aina hii. Anayepita chini ya mnara hafikii hata chembe ya hapo. Kinga gani basi ataipata?

Bi Makorora: Mwanangu, mbona mwaka 2011 walitangaza saratani?

Mleta mada: Shikamoo Bi. IARC, shirika la utafiti wa saratani la WHO, waliyaweka mawimbi ya simu kundi 2B, yaani huenda yakasababisha, kwa ushahidi finyu, tena zaidi wa watu wanaobandika simu sikioni. Minara sikuiona ikihukumiwa. Kinachonikera mimi ni paa lenyewe: antena hurusha mawimbi zaidi kwa mbele kuliko chini, na pale juu, wanapoweza kupita mbele yake, wapangaji wanaanika nguo. Waje Tume ya Nguvu za Atomiki wapime kabla na baada, majibu yabandikwe ofisi ya mtaa.

Mwenye paa: Nimewasoma. Kamba za nguo nitazihamisha, na mlango wa paa nitautia kufuli. Lakini gharama ya kupima tusibebeshane, kampuni ilipe.

Bi Makorora: Ilipe, na karatasi tuione sisi kwanza.