Maua ya msimu Tabora bila sumu: mizizi yenye vinundu, unga mweupe kwenye zinia, vidukari na mchwa

Ipuli_Bustani (muuliza swali)

Wakuu salamu. Naomba ushauri kabla mvua hazijaanza. Nina tuta la maua mbele ya nyumba, mita 4 kwa 3, hapa Tabora mjini. Udongo ni kichanga kitupu, na kabla ya maua palilimwa nyanya na bamia.

Msimu uliopita seloshia na balsamu zilidumaa. Zilikuwa zinanyauka kila mchana wakati udongo una maji, jioni zinasimama tena. Ukizing'oa, mizizi imejaa vinundu. Zinia zilistawi, ila kuanzia Aprili majani yalifunikwa unga mweupe. Waridi mbili za ukutani hazikosi vidukari kwenye machipukizi. Na mchwa ndio wenyeji wa hapa.

Dukani nimeelekezwa dawa ya kumwaga kwenye udongo na nyingine ya kupulizia. Sizitaki, kwa sababu jirani wa nyuma ana mizinga ya nyuki na watoto hawaachi kuchuma maua. Tupo Oktoba, nianzie wapi?

Mzee_wa_Mboji

Anza na vinundu. Hayo mengine yanasubiri.

Kwa dalili ulizotaja ni minyoo fundo, minyoo midogo sana ya udongoni inayovimbisha mizizi, lakini hakikisha. Chukua mzizi wenye kinundu ukisugue kwa kidole. Kikibanduka na mzizi ukabaki mzima, hicho ni kile cha kutengeneza naitrojeni kinachoonekana kwenye kunde na karanga, hakina ubaya. Kama ni mzizi wenyewe uliovimba na hakuna cha kubandua, ni minyoo. Kichanga wanakipenda kwa sababu wanapita humo bila shida, na nyanya na bamia ni chakula chao hasa. Umewarithi kutoka kwenye mboga. Seloshia na balsamu nazo ni dhaifu kwao, ndiyo maana zimeanza kuanguka hizo.

Oktoba ndiyo joto la Tabora lenyewe, kwa hiyo lipike hilo tuta kwa jua. Ng'oa mabaki yote pamoja na mizizi, uchome. Usiyatie kwenye shimo la mboji. Tandaza ndoo 6 za lita 20 za samadi iliyooza, na kama kuna kichuguu kilichohamwa karibu, ponda udongo wake utie ndoo 6 nyingine, maana ule una mfinyanzi ambao kichanga chako hakina. Lima sentimita 30, vunja mabonge, sawazisha juu pawe laini. Kisha mwagilia mpaka maji yafike chini kote ulikolima. Hapa ndipo wengi wanaharibu: udongo mkavu haupitishi joto kwenda chini, na minyoo iliyo kwenye ukavu ni sugu zaidi.

Tandika nailoni angavu, siyo nyeusi. Nyeusi inapata moto yenyewe, angavu inapitisha jua hadi kwenye udongo. Kata kipande cha mita 5 kwa 4 ili upate ukingo wa kufukia, chimba mfereji wa sentimita 15 kuzunguka tuta, vuta nailoni igusane na udongo, fukia ukingo wote. Iache wiki 5, au 6 mvua zikichelewa. Tundu likitokea liwahi kwa selotepu, kwani joto lote linapotelea hapo, na waangalie kuku na mbuzi. Siku ya kufunua usilime tena kwa kina. Joto linaua wa juu, wa chini kabisa wanabaki, na ukigeuza udongo unawaleta juu kwa mkono wako. Ndiyo maana samadi imetangulia kabla ya nailoni.

Halafu marigoldi. Sizungumzii ile michache ya pembeni "inayofukuza wadudu kwa harufu". Kinachopambana na minyoo ni mizizi ikiwa hai, na nguvu yake haifiki mbali na mzizi. Tuta lote lijae: sentimita 20 kwa 20, yaani miche 300 kwa eneo lako. Tumia ile fupi yenye maua madogo ya chungwa na kahawia. Sia mbegu 400 hivi kwenye kitalu ukiwa bado umefunika tuta. Zinaota ndani ya wiki moja, na baada ya wiki 3 au 4 unahamisha. Ziache miezi 2 hadi 3, palilia kila wiki kwa sababu magugu yanalisha minyoo wakati wewe unadhani unawaua, mwisho uzikatekate uzifukie.

Asiyepata mbegu za marigoldi apande marejea. Nayo inapunguza minyoo, inarutubisha udongo, na maua yake ya njano nyuki wanayapenda.

MamaWaridi

Mzee kamaliza ya chini, niongeze ya juu.

Vidukari wa waridi havihitaji dawa kwanza, vinahitaji maji. Asubuhi shika tawi kwa mkono mmoja, piga maji kwa nguvu kutoka chini ya majani kwenda juu, rudia siku ya tatu na ya sita. Angalia pia sisimizi. Wakipanda shina kwa msafara, wanafuata maji matamu ya vidukari, na wanavilinda dhidi ya wadudu wanaovila. Ukitaka kuwazuia kwa kupaka kitu chenye kunata, zungushia utepe wa plastiki kwenye shina kwanza, upake juu ya utepe na siyo kwenye gome.

Ukiona mdudu mweusi mwenye madoa ya chungwa, umbo la mamba mdogo, usimuue. Huyo ni mtoto wa yule mdudu kobe mwekundu mwenye madoa, na kazi yake ni kula vidukari. Hapo usipulizie chochote, hata sabuni.

Vikizidi, tumia maji ya sabuni: lita 1 ya maji na kisoda kimoja cha sabuni ya maji ya vyombo isiyo na dawa ya kung'arisha. Sabuni ya unga ya kufulia inaunguza majani. Maji ya sabuni yanaua kidukari yakimlowesha tu, yakikauka hayana kazi, kwa hiyo pulizia chini ya majani na kwenye vikonyo. Jaribu jani moja, subiri siku moja.

Ya mwisho ni mwarobaini. Kwa waridi mbili lita 2 zinatosha: gramu 100 za mbegu kavu zilizobanguliwa, zisizo na ukungu. Twanga, funga kwenye kitambaa, loweka usiku kucha, kamua, chuja mara mbili (chembe zinaziba pua ya bomba), ongeza kisoda kimoja cha sabuni. Pulizia jioni jua likishazama, kwa sababu mbili: jua linaivunja nguvu, na nyuki wameshalala. Usilenge ua lililofunguka. Tumia siku hiyohiyo, iliyobaki mwaga. Mwarobaini hauangushi mdudu papo hapo. Anaacha kula na anashindwa kujivua gamba, kwa hiyo ngoja siku 4 au 5 kabla ya kusema haifanyi kazi.

Kijana_Sikonge

Mnahangaika bure, tumbaku ipo tele mkoa huu. Loweka majani makavu siku moja, pulizia, hakuna mdudu anayebaki. Na ni ya asili.

MamaWaridi

Kijana, hakuna anayebaki ni kweli, na nyuki wa jirani ni mmojawapo. Nikotini ni sumu kali kwa binadamu pia, inapita kwenye ngozi. Wavunaji wa tumbaku mbichi wanaougua kichefuchefu na kizunguzungu wanaipata hivyohivyo. Muuliza swali ana watoto wanaochuma maua kwa mikono. Lingine, majani ya tumbaku yanaweza kubeba virusi vya batobato, vinahamia kwenye nyanya, pilipili na petunia, na mche ukishaambukizwa hauponi, unang'olewa. Hata mvuta sigara anawe kwa sabuni kabla ya kushika miche hiyo.

Mwanga_Kigoma

Naunga mkono, na niwahi kabla mtu hajataja mmea wa utupa, maana huku kwetu ndio unaotajwa. Utupa unaua wadudu, ndiyo, lakini ndio uleule unaolewesha samaki. Ukiosha bomba mtoni au mvua ikausukuma kwenye mfereji, unaishia ziwani. Kwenye bustani ya maua sioni sababu ya kuugusa.

Kuhusu mchwa. Watu wakiwaona wanaondoa matandazo yote, na hapo ndipo shina linaliwa, kwa sababu mchwa aliyekosa kikavu anageukia mche wenye kiu. Acha nyasi unene wa sentimita 5, zianzie sentimita 10 kutoka kwenye shina, na mwagilia vya kutosha mara mbili kwa wiki badala ya kuinyunyizia kidogo kila siku. Samadi iwe imeoza kweli: ukiishika haina joto, haina harufu ya zizi, huoni majani ya lishe. Mbichi inawaita mchwa na inaunguza mizizi. Oili chafu usimwage. Itamfukuza mchwa kwa muda, ila huo udongo hautakuoteshea kitu. Kama kichuguu kiko hai ndani ya ua, chimba umtoe malkia, ndiyo njia inayodumu.

Mbolea ya maji: alizeti mwitu, ile yenye maua ya njano kando ya barabara. Katakata majani na matawi laini, jaza theluthi moja ya ndoo, ongeza maji, funika, koroga kila siku mbili. Wiki 2 inatosha, harufu yake mtanisamehe. Changanya sehemu 1 na maji sehemu 2, mwagilia kwenye udongo. Kosmosi usiipe kabisa! Ikishiba inapanda majani hadi kifuani na maua inakunyima.

Ipuli_Bustani

Nashukuru sana wakuu. Nimesugua mizizi iliyobaki, havibanduki. Maswali mawili. Nikijaza marigoldi tuta zima, zinia nitapanda wapi mwaka huu? Na ule unga mweupe hamjaugusa.

Mzee_wa_Mboji

Zinia huathirika kidogo kuliko seloshia, lakini bado usiziweke kwenye tuta hilo msimu huu. Zipande kwenye salfeti au ndoo kuukuu zilizotobolewa chini: udongo wa kichuguu sehemu 2, samadi iliyooza sehemu 1, mchanga wa mtoni sehemu 1. Usichote udongo wa tuta la zamani, na jembe lililotoka huko lioshe. Ndoo ya lita 20 inabeba zinia 2, usizidishe.

Usikimbilie mvua ya kwanza ya Novemba. Mara nyingi inapiga kisha inakata, miche inaungua. Subiri zitulie, mwishoni mwa Novemba au mwanzo wa Desemba. Zinia hazipendi kuhamishwa, sia palepale kina cha sentimita 1, mbegu 3 kila shimo, bakiza mche 1. Ukisia mwanzo wa Desemba unachuma Februari. Mche ukifika majani jozi 3 au 4, kata kichwa juu ya jozi ya tatu. Utapata matawi manne au zaidi badala ya bua moja refu.

Angalau nusu ya zinia zako ziwe za aina yenye ua la safu moja ya petali. Yale yaliyojaa petali ni mazuri kwa macho, ila nyuki wa jirani yako hawafikii kitu ndani.

MamaWaridi

Unga mweupe ni ubwiri unga. Tofauti na magonjwa mengi ya ukungu, huu hautaki jani lililolowa. Unataka hewa yenye unyevu, kivuli na msongamano, usiku wa baridi na mchana mkavu. Ndiyo maana kwako ulikuja Aprili mvua zinapopungua, siyo Januari. Hizo zinia 2 kwa ndoo ziweke mahali penye jua saa 6 au zaidi, ndoo zisigusane. Majani ya chini yanayogusa udongo yaondoe.

Kuanzia katikati ya Machi, kabla hujaona doa, pulizia maziwa: maziwa fresh sehemu 1, maji sehemu 9, pande zote za jani, kila baada ya siku 7 hadi 10. Hii iwe asubuhi yenye jua, kinyume na mwarobaini, kwa sababu maziwa yanafanya kazi vizuri jani likiwa kwenye mwanga. Asubuhi nyuki wako kazini, kwa hiyo elekeza bomba kwenye majani tu. Yasiwe mtindi, na usizidishe kipimo, yataanza kunuka na kuota ukungu mwingine. Jani lililokwisha kuwa jeupe halirudi, likate ulitie kwenye mfuko, usilikung'ute.

Mbegu za mwakani zitoe kwenye shina ambalo halikushika unga. Liache ua likauke kwenye bua mpaka kichwa kiwe kahawia na kibonyee kikavu, kata, anika kivulini wiki moja, pukuchua. Mbegu nzima ni ngumu ukiibana kwa kucha, pumba zinakunjika. Hifadhi kwenye bahasha ya karatasi yenye kijiko cha majivu makavu, mahali ambapo panya hawafiki.