Naombeni ushauri: mnenguaji wangu hakariri hatua na onyesho limekaribia

Mguu Mwepesi:
Wakuu, salaam. Naongoza kikundi cha dansi cha watu wazima. Baadhi wana ulemavu wa akili, baadhi hawana, wote wanapanda jukwaa moja. Tuna kipande cha watu wawili ambacho ndicho kinabeba onyesho zima. Mmoja wao, nimwite K, ana sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha kujifunza. Kila wakifika katikati anasimama, anafanya mambo yake, halafu ndipo anaendelea. Nimehesabu kwa sauti, nimebandika alama sakafuni, nimempa video akaangalie nyumbani. Wapi! Nifanyeje akariri? Usingizi sipati. Matusi sitaki.

MwalimuPeku:
Pole, mkuu. Anza kwa kuachana na hesabu. Kwa wengi ninaowafundisha, "tano, sita, saba, nane" ni mzigo wa pili juu ya hatua zenyewe. Funga hatua kwenye kitu cha kuona au kugusa: mwenza akigusa bega, zunguka, ngoma nzito ikiingia, shuka. Agizo moja kwa wakati. Onyesha kwanza, sema baadaye, kisha unyamaze. Walimu tuna haraka: agizo la kwanza halijafika tunalirudia kwa maneno mengine, na mtu anaanza kulifikiria upya.

Halafu, humo kuna kubingirika au kunyanyuliwa kichwa chini? Baadhi ya wenye sindromu ya Down wana ulegevu kwenye viungio vya pingili za juu za shingo. Daktari amwone kwanza.

Mguu Mwepesi:
Hakuna kubingirika. Ahsante, mwalimu. Ila hilo la bega nimeshalifanya sana na bado ananiacha mkono hewani.

Bingwa wa Kukaa:
Mimi na akili zangu timamu, kwenye harusi yangu mwenyewe nilienda kushoto ukumbi mzima ukienda kulia. Mpeni K maua yake.

Mzee wa Nasaha:
Atakayekwazika anisamehe. Hawa watu tuwatunze, tusiwafanye maonyesho. Watazamaji wanapiga makofi ya huruma, ninyi mnapata sifa, yeye anarudi nyumbani amechoka. Haya imetutoka kabisa.

Dada wa Pacha:
Mzee wangu, pacha wangu ni mmoja wa "hawa watu". Nyumbani tulimkatalia dansi kwa maneno hayohayo. Alipoanza mazoezi akaanza kujichagulia nguo, akaanza kumwambia mama, "Subiri, sijamaliza kusema." Mama hadi leo hajazoea! Kilichomshinda ni ukumbi. Giza totoro, spika zinapasua, akacheza kipande kizima ameziba masikio.

Fundi Taa:
Hapo umenigusa. Kifafa kinawapata watu wenye ulemavu wa akili zaidi kuliko wengine, na taa za kumwekamweka zinaweza kukiamsha, kwa hiyo zitolewe kabisa. Kuna maonyesho yanafanywa kwa utulivu: taa za upande wa watazamaji hazizimwi zote, sauti inashushwa, anayetaka kutoka anatoka na kurudi, na watu wanatangaziwa mapema. Niliwahi kufanya moja hivyo, msimamizi wa ukumbi akanigombeza eti mbona watu wanaongea. Siku nyingine nitawasimulia.

Kachero:
Tumeshatoka nje ya mada. Mleta mada, K ana miaka mingapi, na yeye mwenyewe anasemaje kuhusu hicho kipande?

Mguu Mwepesi:
34. Mcheshi sana, akielezwa anaelewa. Tubaki kwenye kukariri, tafadhali.

Kachero:
Hujajibu. Anasemaje?

Mguu Mwepesi:
Haya. Nafasi yake nimeshampa mtu mwingine, asiye na ulemavu. Nguo imeshapunguzwa imkae huyo mpya. K bado anakuja mazoezini na anajua anacheza. Mama yake nimemweleza, ameridhia. Kabla hamjanirukia: watu wamelipa viingilio. Akisimama pale wakamcheka, nani atabeba aibu hiyo? Namlinda. Ikipatikana njia ya kumkaririsha namrudisha, isipopatikana basi.

Dada wa Pacha:
Mama ameridhia. Mtu wa miaka 34. Nimesoma mara mbili nikidhani macho yangu.

MwalimuPeku:
Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, kifungu cha 12, unawapa uwezo wa kisheria sawa na wengine katika nyanja zote. Kifungu cha 30 kinataka wapewe fursa ya kukuza vipaji vyao vya sanaa, kwa faida yao na ya jamii pia. Mama hamo.

Hilo la kuchekwa: mwaka 2012 Jérôme Bel, mtunzi wa dansi Mfaransa, alitengeneza kazi na Theater HORA, kikundi cha Zurich, Uswisi, ambacho waigizaji wake wana ulemavu wa akili. Kila mmoja alijitungia dansi yake. Bel akachagua baadhi, wengine akawaacha, na mwisho walioachwa nao wakacheza jukwaani. Wapo waliosema ni udhalilishaji. Lakini mwaka 2013, kwenye tamasha la Theatertreffen mjini Berlin, mmoja wa waigizaji hao alipewa tuzo ya Alfred Kerr, ambayo hupewa waigizaji chipukizi wa aina yoyote. Hiyo si huruma.

Mzee wa Nasaha:
Si nilisema?

Dada wa Pacha:
Hukusema hivyo, mzee.

Kachero:
Ngojeni kwanza. Mwanzo kasema "mmoja wao", kama mtu anayetazama kwa nje. Baadaye "ananiacha mkono hewani". Kiongozi aliye pembeni anaachwaje mkono hewani? Akaunti mpya, uzi mmoja. Wakuu, tunanyweshwa chai.

Bingwa wa Kukaa:
Mimi kikombe ninacho.

Fundi Taa:
Hata kama katunga, mambo haya yapo. Na za kumwekamweka mtoe.

Mguu Mwepesi:
Sijatunga. Naongoza na nacheza, mwenza wake ni mimi. Sikuona kama lina umuhimu.

Kachero:
Kwa hiyo aibu unayoiogopa ni ya nani? Na kama K yupo, tueleze akisimama anafanya nini hasa. Mtunzi hapa atababaika.

Mguu Mwepesi:
Anawageukia watazamaji. Anaweka kiganja kifuani, anakipeleka mbele polepole hadi usawa wa bega, vidole vimefunguka. Anangoja. Anatafuta mtu mmoja wa kumtazama. Akimpata anatikisa kichwa mara moja, kama anayepokea salamu, ndipo anarudi kwangu. Yeye yuko tayari, mimi mdundo umeshanipita.

MwalimuPeku:
Kila mara hivyohivyo?

Mguu Mwepesi:
Hivyohivyo. Hata mkono ni uleule wa kushoto.

MwalimuPeku:
Basi alishakariri zamani, mkuu. Asiyekariri ni wewe. Refusheni muziki hapo, jitafutie cha kufanya wakati anangoja, na huyo mwingine mpe sehemu nyingine. Halafu K aambiwe kilichotokea. Na wewe, si na mama yake.

Kachero:
Chai nairudisha jikoni. Tunasubiri mrejesho.

Mguu Mwepesi:
Mnaongea kirahisi. Nguo imeshapunguzwa.

Dada wa Pacha:
Si ifumuliwe?